Siku Chai Yetu Ilipohamia kwa Mzee Nyakundi

Walisema sitaweza. Walisema pale juu hapajengeki tena, kwamba nitamwaga jasho langu la Uarabuni juu ya jiwe tupu na mvua ya kwanza ya masika itanifuata hadi mlangoni. Binamu yangu mmoja, mtu ambaye hajawahi kumaliza hata choo chake mwenyewe, alisimama kando ya barabara mikono mfukoni akawaambia mafundi wangu, "Huyu amekaa jangwani sana. Amesahau kwamba kwetu mvua ina miguu." Mafundi wakacheka. Mimi nikaendelea kuvuta kamba ya vipimo. Mtu mwenye diploma ya ujenzi wa barabara habishani na mtu aliyeficha mikono.

Leo nyumba ipo. Ni ya mawe ya kuchongwa, vyumba vitano, bati la kijani, na nyuma yake kuna mtaro na kuta tatu za mawe yaliyofungwa kwa waya, nilizozipima mwenyewe bila kumwita mhandisi hata mmoja. Imepita misimu minne ya mvua na hakuna jiwe lililokohoa. Diploma yangu iko sebuleni ndani ya fremu, inatazamana na mlango ili anayeingia asisumbuke kuuliza. Nayasema haya wazi kwa sababu nimeyafanya kwa mikono yangu, na kwa sababu wenzangu wa rika langu, mliokulia kwenye vilima vya Kisii na Nyamira, mnajua jinsi ilivyo rahisi kuondoka na jinsi ilivyo vigumu kurudi.

Lakini kilichonifanya niandike si nyumba. Ni harufu. Siku tinga la kuchimba lilipoingiza meno yake kwenye mteremko, ilitoka harufu ya udongo wa ndani kabisa, ule ambao haujawahi kuona jua, ikiwa imechanganyika na mizizi ya chai iliyopondwa. Ni harufu chungu na baridi, kama sufuria kuukuu iliyosuguliwa kwa majani mabichi. Nilimwambia dereva azime injini. Nikashuka shimoni, nikachuchumaa, nikajikuta niko darasa la tatu.

Kilima chetu kiko upande wa Nyaramba. Mashamba ya kule hushuka kama mikanda kutoka mgongo wa kilima hadi kijitoni, lakini mkanda wetu ulikuwa umekatwa katikati. Babu aliuza nusu ya chini kwa Mzee Nyakundi kabla sijazaliwa. Juu tukabaki sisi: mama, mimi, na mdogo wangu Moraa. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni na Moraa akiwa tumboni, na alichotuachia kilikuwa mistari ya chai, nyumba ya udongo yenye bati, na namba ya mkulima katika kituo cha kununulia chai. Mama aliishika namba ile kama watu wengine wanavyoshika cheti cha ndoa.

Kati yetu na Mzee Nyakundi hapakuwa na salamu. Mtaro aliouchimba mama kuondoa maji kwenye chai ulikuwa unayamwaga kwenye migomba ya mzee. Mzee alilalamika, mama akamjibu kwamba maji hayajui kupanda, na tangu siku ile kila mmoja akawa anapita kama mwenzake ni mti. Sisi watoto tulikatazwa kumwamkia. Tukikutana naye njiani tulitakiwa kutazama nyasi mpaka apite. Tulikuwa hodari wa kutazama nyasi.

Kosa langu lilianza na fuko. Mnawajua mafuko, wale wanyama wa chini kwa chini wanaomaliza mizizi ya migomba na viazi huku wewe unashangaa kwa nini shamba linanyauka. Nilikuwa mtegaji, na hilo silifichi: kilima kizima hapakuwa na mtoto aliyenishinda kupinda fimbo na kufunga waya. Fuko mmoja alikuwa na tabia ya kupanda hadi juu kabisa, chini ya mstari wa mwisho wa chai. Pale mama alikuwa amekataza jembe, kwa sababu mzizi wa chai ukikatwa, kichaka hununa msimu mzima. Nilingoja mama aende kituoni na kikapu chake. Nikachukua jembe dogo la palizi.

Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu udongo ulifunguka wenyewe, nikaona ufa. Haukuwa shimo la fuko. Ulikuwa mwembamba kama kidole, lakini ulikwenda kushoto na kulia kwangu hadi ukapotea majanini, kana kwamba mtu amechora kilima kwa kisu. Niliweka kiganja juu yake, nikahisi pumzi baridi ikipanda.

Mnaikumbuka hesabu ya mtoto. Nilipiga jembe, ardhi ikapasuka, basi mimi ndiye niliyeipasua. Nilitazama huku na huku, nikaujaza ufa kwa udongo, nikaukanyaga, nikafunika kwa matete. Kesho yake kabla ya shule nilipanda tena kuangalia. Udongo wote ulikuwa umemezwa. Nikajaza tena. Kesho kutwa ukawa umemeza tena. Kwa wiki mbili nililisha kilima kile: magunzi, majani makavu ya migomba, gunia lililooza, hata kandambili ya Moraa iliyokatika. Hakikushiba. Nami sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua atakayeulizwa ni nani na fimbo itatoka mti gani.

Wakati huo mvua ilikuwa ikinyesha bila adabu. Mvua ya kwetu huja alasiri, ikafanya kazi yake ikaondoka. Ile ilikaa. Nguo zilinuka moshi na ukungu, kuni zilitoa povu jikoni, na mlango wa nyumba yetu ukaanza kukwama. Mama aliuchonga pembeni kwa panga. "Mbao imekunywa maji," alisema. Baada ya siku mbili ukakwama tena, akauchonga tena. Siku hizi, nikiwa na elimu yangu, nikiona mlango uliochongwa mara mbili katika nyumba ya mteremkoni huwa simalizi chai niliyokaribishwa. Natoka nje kutazama ardhi. Wakati ule tulimlaumu seremala.

Ijumaa mama alipika kama kawaida ya sisi Wasabato: viazi vitamu, maharagwe, na mboga ya chinsaga iliyotiwa maziwa. Vyote vikafunikwa, kwa sababu kesho yake moto si wa kupikia. Sabato asubuhi Moraa alikuwa anakohoa. Mama ndiye aliyefundisha watoto wadogo kanisani, na kanisa lilikuwa kwenye kilima cha pili, ng'ambo ya bonde, tukiliona bati lake kutoka uani.

"Baki na mdogo wako," aliniambia akifunga kilemba. "Msitoke nje. Chakula kiko pale. Na usiende kwa mafuko yako, leo hata wao wamepumzika."

Kama saa nne mvua ilikatika ghafla. Jua likatoka kali, na kilima kizima kikaanza kutoa mvuke kama ubavu wa ng'ombe aliyekimbizwa. Nilisikiliza, nikagundua hakuna ndege. Kutoka ng'ambo nilisikia kanisa likiimba, sauti nyembamba sana. Nikamfungia Moraa ndani asipate baridi, nikapanda kuutazama ufa wangu.

Sasa ungeweza kumeza mbuzi. Upande wa chini ulikuwa umeshuka hadi magotini mwangu, na katikati mizizi ya chai ilikuwa imenyooshwa kama nyuzi za obokano, kile chombo cha nyuzi cha wazee wetu. Mmoja ukakatika: tak. Kisha mwingine. Niliona kandambili ya Moraa mbali sana chini gizani, rangi ya bluu. Ndipo harufu ile ikapanda ikanijaa kifuani.

Nilikimbia chini hadi nyumbani nikavuta mlango. Haukufunguka. Haikuwa tena suala la mbao kunywa maji. Fremu yote ilikuwa imeubana kama taya. Moraa alikuwa ndani, akiuliza kwa sauti ya mafua kama tayari ni wakati wa kula. Nilizunguka dirishani, nikang'oa kibao kilicholiziba, nikamwambia apande juu ya kiti cha mama. Alitoa kwanza mwanasesere wake wa gunzi. Nikamtupa. Kisha nikamvuta yeye kwa kwapa, tukaanguka wote kwenye matope.

Njia tuliyoijua ilikuwa ya kushuka. Tulikuwa tumeshageuka kuishika tuliposikia sauti kutoka chini.

"Wewe kijana wa Nyaboke. Msishuke. Nendeni kando, kwenye mikaratusi."

Alikuwa Mzee Nyakundi, akiniita kwa jina la mama, amesimama kwenye uwanja wake bila shati, mikono imeinuliwa kama mtu anayezuia ng'ombe. Mimi nikafanya nilichofundishwa. Nikainamisha kichwa, nikatazama nyasi.

Na nyasi zilikuwa zinatembea.

Sijui nieleze vipi. Hazikuwa zikiyumba kwa upepo. Zilikuwa zinaondoka, pamoja na udongo wao, polepole, mbele ya vidole vyangu vya miguu. Nilimshika Moraa mkono, tukakimbilia kando kuelekea kwenye mwamba palipokuwa na mikaratusi, na kila nilipokanyaga ardhi ilikuwa imeshasogea kidogo kuliko nilivyotarajia, kama ngazi iliyokosewa vipimo. Tulipofika kwenye mwamba nilikumbatia mti kwa mkono mmoja na Moraa kwa mkono wa pili, nikageuka.

Nilidhani mlima ukianguka huanguka kama jiwe. Ule ulihama. Chai yetu yote ilishuka ikiwa imesimama, mstari kwa mstari, kama watoto wa shule wanaotoka gwarideni. Mparachichi wetu ulienda wima na matunda yake. Nyumba ilipinda kiuno, kuta zikayeyuka, bati likabaki juu likielea, na juu ya bati kuku wetu mwekundu alisimama akageuza shingo kutazama alikotoka. Sauti ilianza kama malori mengi yakipanda mlima kwa gia ndogo, kisha ikawa kubwa mno hadi sikuisikia tena, niliihisi kwenye meno. Sikulia. Moraa hakulia. Tuliduwaa. Nimeona mengi tangu siku hiyo: nimeona dhoruba ya mchanga ikila mji mzima, nimeona majengo yenye ghorofa nisizoweza kuhesabu. Sijaona tena kitu kikubwa kama kile kikifanya jambo lake kwa utulivu vile.

Halafu kukawa kimya. Juu, pale tulipokuwa tukiishi, kulikuwa na jeraha la jiwe jeupe na udongo mwekundu, maji yakitiririka. Chini, juu ya maharagwe na migomba ya Mzee Nyakundi, kulikuwa na shamba letu. Kuku alishuka kutoka kwenye bati akaanza kuparua. Ng'ambo, kanisa lilikuwa limeacha kuimba.

Nyumba ya mzee ilikuwa pembeni juu ya mwamba, haikuguswa. Alitupeleka barazani, akatufunga blanketi moja, akaenda kukoroga uji. Mama alipofika hakuwa na viatu wala kilemba. Alikuwa ameshuka bonde zima na kupanda jingine akidhani anakuja kuchimba maiti. Alisimama uani. Alitutazama, akatuhesabu, sisi wawili tu lakini alituhesabu kwa kidole mara mbili. Kisha akamtazama mzee, na yale yakawa maneno yao ya kwanza kwa misimu miwili.

"Umewapa nini?"

"Uji."

"Umekoroga uji siku ya Sabato."

"Mimi ni Mkatoliki, Nyaboke. Sabato yako hainijui."

Mama aliketi chini pale pale kwenye matope akacheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine.

Jumatano wazee walikutana. Kulikuwa na jambo moja la kuamua, na hata mimi nililielewa: kama bado tulikuwa na mahali duniani. Udongo wetu na chai yetu vilikuwa kwa mwingine, na palipokuwa petu palibaki jiwe. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, ndiye aliyeanza kusema, kwa upole ule unaotisha.

"Shemeji, tuseme ukweli. Namba ya chai ni ya shamba, na shamba halipo. Watoto tutawagawana, mmoja kwangu, mmoja kwa shangazi yake. Wewe rudi kwenu Ikonge upumzike."

"Nani amekuambia nimechoka?" mama akajibu.

"Na maharagwe ya mzee yaliyozikwa?" mwingine akauliza. "Mtaro wa nani ndio ulioingiza maji mlimani?"

Wakaanza kuuzungumzia mtaro. Niliona macho yote yakimgeukia mama. Nilikuwa nimeketi nyuma kwenye magogo na Moraa. Nikasimama. 

"Si mtaro," nikasema. "Ni mimi niliyepasua mlima. Kwa jembe. Nilikuwa natafuta fuko."

Wakacheka wote. Wazee walifuta machozi. "Fuko huyo alikuwa na ukubwa gani?" baba mdogo akauliza, wakaanza upya. Mama hakucheka. Wala Mzee Nyakundi.

"Ufa uliuona lini?" mzee akaniuliza.

"Wiki mbili kabla ya Sabato."

"Ukafanya nini?"

"Nikaujaza. Lakini ulikuwa unakula."

"Hukumwambia mama yako."

"Niliogopa kuchapwa."

Mzee alisimama, akiegemea goti. "Huyu aliogopa kuchapwa," akawaambia. "Mimi niliogopa nini? Chemchemi yangu ilitoa maji mekundu siku tatu mfululizo. Marehemu baba yangu aliniambia, siku chemchemi ikibadilika rangi, panda ukawaondoe watu walio juu. Nilijua. Lakini huyu mama na mimi tulikuwa hatuamkiani, nikasema ataona mwenyewe." Alitafuta mahali pa kuweka macho. "Nilipowaona watoto dirishani ndipo sauti ilinitoka. Ilikuwa imechelewa siku tatu. Mtoto wa darasa la tatu amesema alichokiona mbele yenu. Mimi mwenye mvi nilinyamaza. Kwa hiyo chai ni ya Nyaboke. Ardhi iliyo chini yake ni yangu, nami namkopesha mpaka atakapoweza kuihamisha. Habari ya maharagwe mtu asiniletee."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa bado nasubiri kuchapwa; ilinichukua miaka, na darasa zima la mitambo na udongo, kuamini kikamilifu kwamba jembe la palizi haliwezi kuangusha mlima. Siku ile nilichoelewa ni kimoja tu: kwamba mtu mzima anaweza kusimama mbele ya watu akasema amekosa, na asife.

Mama naye akasimama. "Nimekubali kukopa," alisema. "Bure sitaki. Mkiniletea unga nitaula na kushukuru. Lakini pale juu nitarudi, na nyinyi pia nitawakopa."

"Utukope nini, shemeji?" akauliza baba mdogo. "Bati?"

"Udongo."

Walidhani amechanganyikiwa. Mnajua kwetu udongo ni nini: watu wamepelekana kortini kwa upana wa wayo. Lakini yeye alianza siku iliyofuata. Asubuhi alichuma chai yake kwenye shamba la Mzee Nyakundi, vichaka vimeinama kama walevi, akaipeleka kituoni kwa namba ile ile. Mchana alipanda juu kupanga mawe, ukuta mmoja mfupi chini ya mwingine, ili kitakachowekwa kisiondoke tena. Alipomaliza ukuta wa kwanza akaenda nyumba ya kwanza na karai.

Sikuwahi kuona, wala sitaona, jambo kama lile. Baada ya siku chache watu hawakungoja waombwe. Walikuja kwa mafungu, kama wanavyokwenda kulimiana, wanawake na makarai kichwani, wanaume na magunia begani, wakipanda mteremko ule mmoja baada ya mwingine, wakitema mate na kutaniana. "Nyaboke, huu ni wa zizini, usiunuse karibu na wageni." "Huu wa kwangu una mayai ya kunguni, ukiota wadudu usinirudishie." Mlima ulikuwa umeshuka siku moja kwa dakika chache, watu waliupandisha tena kwa vichwa vyao, msimu mzima. Kutoka ng'ambo ya bonde, kanisani, walionekana kama siafu waliobeba yai kubwa.

Kila nyumba ilikuwa na udongo wake. Wa kutoka bondeni ulikuwa mweusi na mzito, unashika vidole. Wa kando ya barabara ulikuwa na jivu, maganda ya mayai na vipande vya vikombe. Wa nyumba ya Mama Kerubo, mjane aliyeishi mwisho wa njia, ulikuwa laini kuliko yote kwa sababu aliufuga kama watu wanavyofuga kuku, na ndani yake nilipata kifungo cha koti. Niliweza kukuambia udongo wa nani huku nimefumba macho. Niliamini kabisa kwamba mboga zitakazoota zitakuwa na ladha ya kila boma, na nilipokula sukuma wiki wa kwanza nilitafuna polepole nikijaribu kumtambua mtu.

Nyumba kumi na moja zilitukopesha. Mzee Nyakundi ndiye aliyelipwa mapema: mvua za mwaka wa pili tulikata vichaka vya chai hadi magotini, tukaving'oa na kuvipandisha nyumbani. Vingi vilikufa, vilivyoshika vikashika. Mama alilisawazisha shamba la mzee, akampandia maharagwe, akamvunia mwenyewe. Hizo kumi na moja zilingoja. "Udongo haulipwi kabla haujawa mnene," mama alisema. Alitaka kulipa kwa udongo mzuri, na bila kulivua shamba tena. Basi akaulisha kwa samadi na majani, mwaka baada ya mwaka, nao ukapanda kimya kimya nyuma ya kuta zake.

Chai ile ilinisomesha hadi sekondari. Kilichobaki nilikimaliza mwenyewe: nilibeba marobota ya mitumba sokoni Daraja Mbili alfajiri na kuingia chuoni nikinuka vumbi, nikapata diploma, nikaenda kujenga barabara za watu jangwani. Huko nilikuwa msimamizi wa zamu nzima. Nilirudi na fedha, na vipimo, na maarifa ya kuzuia ardhi isitembee. Niliwaambia wote wanaosema sitaweza waje watazame.

Kwa hiyo siku tinga lilipochimba msingi wa nyumba yangu, na ile harufu ikanishusha shimoni, nilipotoka humo nilimkuta mama, mzee sasa, amesimama kando ya lundo la udongo wa juu uliotolewa. Ulikuwa mweusi, wenye kina cha mkono mzima. Alichukua konzi moja, akaisugua, akaiangusha.

"Umekuwa mnene," alisema. "Leta karai."

Nilimwambia lori ninalo, tutamaliza kabla ya chakula. "Karai," alirudia. Basi mimi, mwenye diploma, mbele ya mafundi wangu na binamu yangu wa mikono mfukoni, niliweka kata ya nguo kichwani na kubeba udongo nyumba kwa nyumba, mama akinitangulia na fimbo. Tulianza kesho yake asubuhi na mapema. Katika maboma mengine tuliwakuta wenyewe, wamezeeka, wakasema walishasahau, mama akawaambia yeye hakusahau. Katika mengine tuliwakuta wajukuu wakichezea simu. Baba mdogo, ambaye naye alikuwa ameleta gunia moja siku za mwisho bila kusema neno, alitazama nikimwaga, akavua kofia. Binamu alitoa mikono mfukoni nyumba ya nane, akauliza kama kuna karai jingine.

Ya mwisho ilikuwa kwa Mama Kerubo. Yeye alishazikwa zamani na boma liliuzwa kwa mwalimu kijana kutoka mbali, msichana mwenye miwani ambaye alitukuta langoni na kudhani tunauza samadi. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mama.

"Lakini mimi sikuwadai kitu, mama."

"Shamba lako linanidai," mama alisema. "Onyesha nimwage wapi."

Alituonyesha bustani yake ya sukuma, nyuma ya jiko. Nilimwaga karai la mwisho, nikausambaza kwa mikono, nikasimama. Shingo ilikuwa inawaka moto na shati limeshika mgongoni. Nilimgeukia mama ili twende.

Hakuwa anakwenda popote. Na hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo nililiona maisha yangu yote bila kuliona: tangu mlima ule ushuke, sikuwahi kumwona mama ameketi katika boma lolote kati ya yale kumi na moja. Harusini alisaidia kupika amesimama. Matangani alisimama kwenye ua. Akikaribishwa ndani husema ana haraka.

"Mwalimu," alisema, akipangusa viganja vyake kwenye leso, "niletee kiti. Na kama kuna chai, niletee na chai. Leo nitakaa."